Shajara ya mradi: gari ya sloti bila sumaku, lengo sekunde 4.5

Siku ya 1

Naanza kuandika leo leo kabla sijagusa chochote, maana huu mchezo ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hujui kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia, na mi najijua, nisipoandika baada ya wiki mbili nimeshasahau tairi nilisaga lini.

Kwa ambaye hajawahi kuziona: ni vigari vidogo vya umeme vinavyokimbia kwenye treki ya plastiki. Katikati ya kila njia kuna mfereji mwembamba, na kushoto kulia kwa mfereji kuna reli mbili za chuma. Chini ya pua ya gari kuna ulimi wa plastiki unaozama kwenye mfereji, na huo ulimi umebeba visuko viwili vya nyuzi za shaba vinavyosugua zile reli na kuchota umeme kupeleka kwenye mota. Usukani hakuna. Una kontrola mkononi yenye kifyatulio kimoja, ukibana inakwenda ukiachia inapunguza, basi, kazi yote ya udereva imekaa kwenye kidole kimoja, na ndo maana watu wazima wanakesha nayo.

Zangu ni skeli 1:32, hizo ndo za nyumbani. Treki ni mfumo wa Scalextric Sport. Jina lenyewe lina historia nzuri, Fred Francis kule Uingereza alikuwa anatengeneza vigari vya bati vya kujaza springi vinaitwa Scalex, halafu 1957 akavitia mota ya umeme, Scalex ikawa Scalextric. Napenda kujua kwamba kitu ninachohangaika nacho hapa mezani kuna watu wamehangaika nacho tangu enzi hizo.

Mbao yangu ni mita 2.4 kwa 1.2, kona sita, mnyoosho mrefu ni vipande vinne vya milimita 350 kwahiyo mita 1.4. Kona nyingi ni zile ambazo vipande nane vinafunga duara, isipokuwa kona ya nne ambayo nimeweka zile pana zaidi za kumi na sita kwa duara. Njia ya nje nimepima kwa uzi ikaja mita 7.02, ya ndani 6.53. Hiyo tofauti ya sentimita 49 ilinishangaza kidogo mpaka nikapiga hesabu: njia mbili zimeachana milimita 78, zidisha na pai mara mbili unapata 490. Na nzuri zaidi ni kwamba haijalishi umeipindapinda vipi, ilimradi treki inazunguka mara moja na haijikati yenyewe tofauti inabaki hiyo hiyo. Ukitaka njia zilingane inabidi uweke daraja treki ipite juu yake yenyewe kama namba nane. Mi sina nafasi ya daraja, tutabadilishana njia.

Lengo: kutoa sumaku, halafu kushuka chini ya sekunde 4.5 kwa raundi njia ya nje.

Kwanini nitoe sumaku, kwa sababu ikiwa na sumaku napiga 3.1 bila kufikiria. Sumaku iliyo chini ya chasisi inavuta zile reli za chuma, gari inaganda kwenye treki, unabana kifyatulio mpaka mwisho na kona unapita nayo hivyo hivyo, halafu siku ukizidisha inang'oka yote kwa ghafla bila kukupa dalili na kuruka mpaka sakafuni. Bila sumaku mkia unateleza. Unauona unaanza kutoka, unaachia kidogo, unarudi. Hapo ndo unaendesha kweli.

Siku ya 2

Sumaku imetoka. Njia ya nje, saa ya simu, raundi 20. Bora 5.98, za kawaida zinacheza kwenye 6.3. Nimetoka kwenye mfereji mara tisa, na katika hizo tisa saba ni kona ya nne. Naiandika hiyo kwa sababu ni ajabu, kona ya nne ndo pana kuliko zote, ilitakiwa iwe ya kupumzikia.

Gari ni ya mota ya kulala kwa upana, yaani mota imelala sambamba na ekseli ya nyuma. Pinioni (ile gia ndogo ya kwenye mota) meno 11, gia ya ekseli meno 36. Uzito gramu 78 bila sumaku.

Siku ya 4

Nilikuwa na mota ya ziada kwenye sanduku, imeandikwa mizunguko 25,000 kwa dakika wakati hii ya gari ni 18,000. Nikaifunga. Bora 6.21. Imekuwa nzito zaidi kuendesha, ukigusa tu tairi za nyuma zinachezea hewani kama ziko kwenye sabuni, mkia unapita mbele ya pua.

Nikakaa chini na kalamu, kitu ambacho ilibidi nikifanye kabla. Mota ya 18,000 gawa kwa 36 juu ya 11, ekseli inazunguka mara 5,500 kwa dakika. Tairi ni kama milimita 20 kwenda juu, mzunguko wake milimita 63. Ni karibu mita 5.8 kwa sekunde, kama hakuna kinachoivuta nyuma. Mimi wastani wangu kwenye raundi ya 5.98 ni mita 1.2 kwa sekunde! Nina spidi karibu mara tano ya ninayotumia na bado nilikuwa naongeza mota. Mnyoosho wenyewe mita 1.4, kabla hata haijafika nusu ya spidi kona imeshakuja.

Mota ya zamani imerudi kwenye gari. Kuanzia leo sigusi mota, natafuta nguvu iliyopo inapotelea wapi kabla ya kufika chini.

Siku ya 6

Saa ya simu haitoshi, kidole changu kinachelewa na kuwahi kwa sehemu ya kumi ya sekunde na hizo sehemu za kumi ndo ninazozitafuta. Nimetumia Arduino Uno, kibodi kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu. Ile ina pini mbili tu za kukatiza programu (zinazoishtua papo hapo sensa ikibadilika), namba 2 na 3, na mi nina njia mbili, kwahiyo imenikaa sawasawa. Nimetoboa tundu la milimita 3 ndani ya mfereji wa kila njia, chini nimeweka sensa ya mwanga, juu nimejenga kidaraja cha kadibodi chenye taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) mbili zinazomulika chini. Gari ikipita inakata mwanga, programu inasoma saa.

Kilichonisumbua ni gari moja kuhesabiwa mara mbili, ulimi unakata mwanga kwanza halafu ekseli ya nyuma inaukata tena. Nimeweka kwenye programu kwamba ikishahesabu ifumbe macho sekunde 1.5. Imeisha hiyo.

Siku ya 8

Haijaisha. Jana usiku ilikuwa inasoma vizuri, leo saa kumi jioni napata raundi za 11.9, 12.1, halafu 6.0, halafu 12 tena. Nilihisi waya umelegea, nikalehemu upya, wapi. Nikaja kugundua zile mbovu ni mara mbili kamili ya raundi ya kawaida, ina maana gari inapita na haionekani. Jua lilikuwa linaingia dirishani na kupiga pale pale kwenye kidaraja, na jua lina infraredi tele, kwahiyo hata gari ikifunika taa yangu sensa bado inaona mwanga kutoka pembeni. Nimekata mrija mweusi vipande vya sentimita moja, nikavisha kila taa kimoja, kisha nikashusha kuta za kadibodi nyeusi pande mbili za kidaraja. Nimesubiri kesho yake saa ile ile na jua lile lile, raundi 40, hakuna iliyopotea.

Siku ya 12, tairi

Hii siku naiandika kwa urefu kwa sababu naona ndo kazi tamu kuliko zote kwenye mradi mzima.

Tairi zinazokuja na gari ukiziangalia kwa macho ni duara. Nikaiinua gari mkia juu, nikagusisha nyaya mbili kwenye visuko, nikawasha volti 6 na kuchungulia kwa pembeni dhidi ya taa. Tairi ya kulia ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayechechemea. Ya kushoto ilikuwa sawa kimo lakini uso wake umevimba katikati, maana yake inagusa treki kwa mstari mwembamba tu na pembeni kote ni pambo. Na zote mbili zimelegea kwenye rimu, ukizishika kwa vidole unaweza kuzizungusha rimu ikiwa imesimama.

Kwahiyo kwanza gundi. Nimezivua, nikafuta rimu kwa spiriti, nikarudisha tairi, halafu nikainua ukingo kwa ncha ya kijiti cha meno na kudondosha tone dogo sana la supaglu ndani, nikazungusha robo, tone lingine, mpaka duara limeisha, upande wa ndani hivyo hivyo. Nikaacha usiku kucha. Usiwe na haraka hapa, gundi mbichi ikizungushwa kwa mota inarukia usoni, na miwani vaa, mi navaa.

Asubuhi nimebandika msasa namba 220 kwenye kipande cha ubao, gari nimeishika pua imeshushwa juu ya ubao mwingine wa kimo kile kile ili isikae kimshazari, mkia nikauteremsha taratibu mpaka tairi zikabusu msasa. Sio kukandamiza, kubusu. Mwanzo unasikia tak-tak-tak-tak, ni kile kilima cha tairi ya kulia peke yake kinagonga. Unakaa hapo hapo. Baada ya dakika kama mbili tak-tak inakuwa chakacha yenye mawimbi, halafu mawimbi yanafifia, halafu inabaki sauti moja tu iliyonyooka sssss, na vumbi jeusi laini limejipanga mistari miwili iliyolingana kwenye msasa. Ukisikia hiyo simama, usiendelee kwa raha. Nilipumzisha mota kila nusu dakika maana inapata moto, halafu nikamalizia na msasa namba 400 uliolowa kidogo.

Nimepima kwa vanie, kile kipimo cha taya: zilikuwa milimita 20.6 na 20.3, sasa zote 19.8. Uso ni bapa ukingo hadi ukingo, unang'aa kijivu badala ya weusi. Nikazipitisha kwenye selotepu upande wa gundi kutoa vumbi.

Bora 5.31. Hiyo ni karibu sehemu saba za kumi kwa msasa na tone la gundi, mota ile ile iliyokuwepo. Zaidi ya namba, gari imenyamaza. Zamani mkia ulikuwa unaruka vijiruko vidogo kwenye kona, sasa unateleza kama umepakwa.

Kona ya nne bado. Mara tano katika ishirini.

Siku ya 13

Treki nimeifuta yote kwa kitambaa na spiriti kidogo. Kitambaa cheusi tii. Hakuna la ziada la kusema, tairi safi kwenye treki chafu ni kazi bure. 5.24.

Siku ya 15, pua ya gari

Kipande cha kioo mezani, gari juu yake, ulimi unaning'inia ukingoni mwa kioo. Tairi zote nne zikae chini bila kutikisika. Yangu ilikuwa inatikisa, ukigusa kona ya mbele kushoto inaitikia kona ya nyuma kulia. Chasisi ya plastiki imejikunja. Nimeifunga kwenye ubao bapa kwa raba, nikaizamisha kwenye maji ya moto sana, nikahesabu thelathini, nikahamishia maji baridi ikiwa bado imefungwa. Mota na nyaya unatoa kwanza, hilo liko wazi.

Halafu nikairudisha kwenye treki, na hapa ndo nikaona. Visuko vilikuwa vimekunjwa chini sana, kama springi mbili zinazosukuma pua juu. Gari ikisimama tairi za mbele zilikuwa zinaelea kama milimita moja na nusu, na ulimi nao umepanda juu kwenye mfereji badala ya kuzama. Bila sumaku kitu pekee kinachokushikilia barabarani kwa mbele ni huo ulimi, ukipanda nusu umepoteza nusu ya nanga.

Nimeweka visuko vipya. Namna ninavyoviweka: navilaza bapa kabisa kwenye ulimi, nachambua ncha kwa sindano nyuzi zitawanyike kama ufagio mdogo, halafu nakunja ncha tu, milimita tatu za mwisho, chini kidogo. Visugue kwa uzito wa gari wenyewe, visisukume. Nyaya zinazoingia kwenye ulimi nazo zilikuwa ngumu zinauvuta ulimi upande wa kulia, nimeweka laini ili ulimi ugeuke wenyewe hata ukiupuliza. Tairi za mbele nimezipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ziwe ngumu na za kuteleza, zile kazi yake ni kusimamisha gari tu, zikishika treki zinabishana na ulimi kwenye kona.

Kipande cha madini ya risasi nyuma ya ulimi kuongeza uzito, kimebandikwa chini kabisa ya chasisi. Nimejaribu gramu 2, 4 na 8. Mbili sioni tofauti, nane gari inachelewa kuamka ukitoka kona, nne ndo yenyewe. Uzito sasa 82.

5.02. Kona ya nne, mara sita katika ishirini. Imeongezeka! Kona nyingine zote zimetulia, hii inanikataa.

Siku ya 17 hadi 19, kona ya nne

Nimebadilisha vipande vyote vya kona ya nne na vingine vya aina ile ile. Bado. Nimepima usawa wa mbao kwa pima maji, iko sawa. Nimeangalia reli kama kuna iliyochomoza, nimepitisha ukucha kila kiungo, hakuna. Nimejaribu kuingia polepole zaidi, nikiingia polepole napita lakini napoteza muda kwenye kona ambayo ndo pana kuliko zote, haikubaliki.

Siku ya 19 mpwa wangu (ana miaka 11, anakuja kila wikendi) alikuwa anachezea kontrola na raba ya kufungia karatasi, akakifunga kifyatulio kikae robo, gari ikawa inajiendesha yenyewe polepole inazunguka. Akaniita, "Mjomba njoo uone, hii gari inachoka halafu inapona."

Nimekaa naye chini macho usawa wa mbao tukaiangalia. Kweli kabisa. Kidole hakipo, kifyatulio hakijasogea hata nywele, lakini gari ikienda upande wa mbali wa mbao inazubaa, inatambaa mpaka unadhani itasimama, halafu ikikaribia kona ya nne inashtuka na kukimbia. Kila raundi, sehemu ile ile. Na kabla tu ya kona ya nne ndo kipo kile kipande cha treki kinachopokea umeme kutoka kwenye adapta.

Kwahiyo kona haikuwa na kosa lolote. Upande wa mbali umeme ulikuwa dhaifu, mimi bila kujua nikawa nabana zaidi kufidia, halafu nafika karibu na chanzo nikiwa bado nimebana vile vile na umeme unarudi wote kwa mpigo katikati ya kona. Nilivyoboresha tairi na pua nikawa nafika pale na kasi zaidi, ndo maana ilizidi kunitupa.

Nimechukua taa ya volti 12 wati 10 iwe mzigo, maana maltimita peke yake bila mzigo itakudanganya itakusomea 12 kila mahali, nikagusisha taa na mita kwenye reli sehemu kwa sehemu. Kwenye chanzo 12.0. Vipande vitatu mbele 11.1. Upande wa mbali kabisa 9.3. Mpwa wangu akawa anabonyeza viungo kimoja kimoja kwa kidole mimi naangalia taa, kuna viungo viwili akibonyeza taa inang'aa akiachia inafifia. Treki ilikaa miaka mingi mahali penye unyevu, ncha za reli zimepiga ukungu wa kutu unaouona tu ukizileta karibu na jicho.

Tumefungua treki yote. Ncha zote tumesugua kwa kifutio cha penseli na spiriti, vile vidole vya reli vinavyoingiliana nimevibana kidogo kwa koleo vishikane. Halafu nikafanya kile ambacho nadhani kila treki ya nyumbani ya zaidi ya mita tano ingefanyiwa mapema, nyaya nene za shaba chini ya mbao kutoka kwenye adapta kwenda sehemu tatu zaidi, zimelehemiwa kwenye ncha za reli zinazochomoza chini ya vipande. Piga msasa ncha, paka dawa ya kulehemu, gusa haraka uondoke, ukichelewa plastiki inayeyuka na reli inazama. Na angalia sana reli ipi ni ipi, nimefunga uzi mwekundu kwenye kila waya wa reli ya kulia ili nisije nikakutanisha chanya na hasi.

Sehemu dhaifu kabisa sasa inasoma 11.7. Raba imerudi kwenye kifyatulio, gari inazunguka kwa mwendo mmoja kama saa.

4.69. Kona ya nne, sifuri katika ishirini.

Siku ya 23

Mpwa tena: "Mjomba inalia upande mmoja." Mimi nilikuwa nimeshaizoea ile sauti siisikii. Ekseli ya nyuma ilikuwa inacheza kushoto kulia karibu milimita moja, na bushi moja (kile kipete kinachoshika ekseli) imelegea kwenye kitako chake, kwahiyo gia inakutana na pinioni kila mara kwa pembe tofauti. Bushi nimezitia tone la supaglu zikiwa zimenyooka na ekseli ndani yake, nikaweka washa nyembamba kupunguza mchezo ubaki kama unene wa karatasi. Tone moja la oili kila bushi, grisi kidogo kwenye gia, ukizidisha oili inatambaa hadi kwenye tairi na umerudi nyuma wiki mbili.

Pia skrubu za bodi nimezilegeza robo tatu ya mzunguko. Bodi inacheza kidogo juu ya chasisi, ukiishika inatikisika kama jino la mtoto. Mtu ambaye hajui atakwambia ukaze, lakini ikilegea mtikisiko wa chini unabaki chini haupandi kwenye bodi, gari inapita kona imetulia.

4.52. Karibu!

Siku ya 26

Mambo mawili leo, nimeyafanya kwa siku moja lakini nimeyapima mbali mbali.

La kwanza kontrola. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya nyaya mbili, ukiachia inakata umeme tu na gari inaserereka. Nimefunga nyingine ya nyaya tatu, omu 45. Huo waya wa tatu ni wa breki: kifyatulio kikirudi mwisho kinaunganisha reli mbili pamoja, mota inayozunguka inageuka jenereta, umeme wake unarudi kuibana yenyewe, gari inasimama kwa heshima. Nimehamisha alama yangu ya kuachia sentimita 20 mbele karibu na kona. 4.46, lengo limefika, nimepiga kelele peke yangu chumbani.

La pili adapta ya kurekebisha. Nimeshusha kutoka 12 kwenda 10.5, na nimeenda haraka zaidi, 4.40, na raundi za kawaida zote ziko ndani ya 4.5. Kwa volti 12 nilikuwa natumia nusu ya mwanzo ya kifyatulio tu, kidole kinatembea milimita tano na ndani ya hizo tano kuna kila kitu. Kwa 10.5 natumia safari yote ya kidole, kila milimita ina kazi ndogo zaidi, nailisha gari umeme kwa kijiko badala ya ndoo. Nimejaribu na 9, hapo mnyoosho unakuwa mrefu na wa kuchosha, 4.58. Nimebaki 10.5.

Siku ya 30, mbio

Mimi, dada, na mpwa wangu. Gari ya mpwa nimeisaga tairi naye wiki hii, yeye ameshika gari mi nimeshika nyaya, na kusema ukweli mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Dada amechukua gari ya tatu ambayo nimeifanyia tairi na visuko tu.

Sheria: bila sumaku, 10.5, raundi 20 njia ya nje kisha 20 njia ya ndani, tunajumlisha muda. Ukitoka unarudishwa na mtu mwingine pale pale ulipotokea, saa inaendelea.

Njia ya ndani ni fupi kwa zile sentimita 49 lakini kona zake zimebana zaidi, na kwetu sote watatu imekuja na muda mrefu zaidi. Dada hakutoka hata mara moja raundi 40, sekunde 211.8, anaendesha kama anavyoshona, mstari mmoja hauyumbi. Mimi 197.9, nimetoka mara tatu, zote njia ya ndani kona ya pili nikiwa namfukuza mtu. Mpwa 194.5, ametoka mara moja, na raundi bora ya siku ni yake, 4.37.

Nikamwomba anionyeshe kidole chake. Anaachia mapema kuliko mimi, kabla hata kona haijaanza, halafu anabana tena gari ikiwa bado katikati ya kona, kidogo kidogo, mkia unatoka kama upana wa kidole na unabaki hapo hapo mpaka kona inanyooka. Mimi naachia nikiwa nimeshachelewa na nabana kona ikiwa imeshaisha. Tumerudia mara kumi, yeye anasema "sasa" na mimi nabana. Nimepata 4.39.

Tukamaliza, akafuta tairi za gari yake kwa selotepu, akaangalia visuko, akavinyoosha ncha kwa ukucha, akailaza juu ya kipande cha sponji chasisi ndo imekaa chini, tairi zote nne hewani zisije zikapata bapa wakati hayupo. Kwenye kikaratasi cha muda wa raundi, chini ya 4.37 ameandika jina lake na wikendi ijayo: 4.30.

Yangu nayo nimeilaza pembeni ya yake. Kesho naanza na tairi ya nyuma kushoto, imebaki 19.7 na ya kulia ni 19.8.